Setingi Zako Ngapi?

Msimu wa mahafali ukifika, kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa chuo hugeuka duka la namba. Mtu anatupia picha ya mhitimu na joho lake, uso unang'aa, nyuma kumelainika kama pamba, na kabla hata ya pongezi swali ni lilelile: "Mwanangu, setingi zako ngapi?" Jibu linakuja: shata 1/250, f/2.8, ISO 200. Dakika kumi baadaye mwingine, aliyesimama hatua tano tu kutoka pale, analalamika kwamba picha yake imetoka giza. Hapo matani yanaanza. Kamera yako mbovu, hujui kupiga, umeuziwa sanamu Kariakoo.

Mimi nasema zile namba si za uongo, ila ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine iko mbele ya kamera, kwenye lenzi, na wengi hatuiulizi kwa sababu tumezoea kudhani kazi ya lenzi ni kuvuta vitu karibu basi. Ukiwa kwenye herufi M, ambapo kamera haikusaidii kuamua chochote, nusu hiyo ndiyo inayokuumbua. Nitaeleza kwa wiki moja niliyokaa nyumbani, wilaya ya Same, wakati wa likizo, maana kule nilikuwa na lenzi tatu na kazi mbili ambazo hazina marudio.

Kazi ya kwanza ilikuwa sendofu pale Same mjini. Mimi na mwenzangu wa chumba tulishapokea malipo ya awali, na malipo hayo yalishakwenda kwenye kuchapa na kujalidi ripoti yake ya utafiti. Kwa hiyo kurudisha hela halikuwa jambo la kufikiria.

Kazi ya pili ilikuwa picha ya bibi. Babu alipofariki, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikatwa kutoka kwenye picha ya pamoja ya harusi ya mtu mwingine. Ilikuzwa, ikatiwa fremu, ikazungushiwa maua. Kofia ilionekana, kola ya shati ilionekana, uso ulikuwa kivuli. Waombolezaji walikuwa wanainama kuutafuta. Bibi hakusema neno siku ile. Mwaka jana ndipo akaniambia, "Mjukuu wangu, yangu uipige mapema. Siku hiyo nataka watu wanione."

Sasa tuanze na ile f, kwa sababu ndipo ugomvi wa kwenye kundi unapozaliwa. Namba ya f si ukubwa wa tundu la lenzi. Ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2, tundu lake lina upana wa milimita 25. Lenzi ya milimita 100 ikiwa f/4, tundu lake nalo ni milimita 25. Tundu lilelile, namba tofauti, na ile ya 100 inaleta mwanga robo tu ya ile ya 50.

Fikiria korido ya hosteli. Dirisha moja dogo mwanzoni mwa chumba kifupi linatosha kuangaza ukuta wa mwisho. Chukua dirisha hilohilo uliweke mwanzoni mwa korido ndefu, ule ukuta wa mwisho utauona kwa tochi. Korido ikirefuka inabidi dirisha lipanuke ili ukuta ubaki na mwanga uleule. Namba ya f imeshafanya hesabu hiyo kwa niaba yako. Ndiyo maana f/8 ya lenzi fupi na f/8 ya lenzi ndefu hutoa mwanga unaolingana, na ndiyo maana watu wanaweza kupeana namba kwa simu. Mchana wa Same, jua likiwa utosini na vumbi jepesi limetulia, weka f/16, shata 1/100, ISO 100, kwa lenzi yoyote uliyonayo. Itakubali. Kanuni hii ni ya tangu enzi za filamu na jua halijabadilika.

Kila hatua ya f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 inapunguza mwanga kwa nusu. Hatua hiyo tunaiita stopu. Mtu aliyeambiwa f/2.8 wakati lenzi yake iliyokuja na kamera inaishia f/5.6 akivuta, hakuweka setingi zilezile hata kama anaapa. Amepungukiwa stopu mbili, yaani ana robo ya mwanga wa mwenzake. Kamera haikumgombeza, ilimpa kile kilichopo ikanyamaza.

Tulifanya majaribio Ijumaa mchana kwa shangazi, Same mjini, kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma. Kamera zetu ni za aina moja, zote za mkono wa pili. Mwenzangu ana ile 18–55 ya f/3.5–5.6 ambayo nusu ya chuo inayo. Mimi nina 50 ya f/1.8. Ya tatu ni 70–300 ya binamu yangu anayetembeza wageni Mkomazi, na aliitoa kwa masharti mengi kuliko ya Bodi ya Mikopo.

Mwenzangu akaweka f/3.5 akiwa kwenye 18, shata 1/500, akapiga. Safi. Akavuta mpaka 55 bila kugusa kitu kingine, akapiga tena. Giza. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye TANESCO. Tukaangalia namba kwenye kioo cha nyuma: kamera ilishajihamisha yenyewe kwenda f/5.6. Ndiyo maana ya zile namba mbili zilizoandikwa kwenye pete ya mbele ya lenzi. Kutoka f/3.5 hadi f/5.6 kunabaki kama asilimia 40 tu ya mwanga. Kwenye modi za kujiendesha huoni kitu, kwa sababu kamera inafidia kimyakimya kwa shata au ISO. Kwenye M hakuna wa kukufidia.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kukera. Anza na f/5.6 tangu mwanzo, hata ukiwa kwenye 18. Hapo unaweza kuvuta na kurudisha mpaka mkono uchoke, mwanga hautacheza. Unapoteza stopu moja na kidogo kwenye 18, lakini unapata picha mia zinazofanana, na mteja wa sendofu analipia kufanana. Hakuna anayetaka albamu ambayo bibi harusi mtarajiwa ni mweupe ukurasa wa tatu na mkaa ukurasa wa nne.

Kisha tukaweka kamera zote mbili sawa kabisa: f/5.6, 1/500, ISO 200, yeye kwenye 50 na mimi kwenye 50. Bado ya kwake ilikuwa nyeusi kidogo. Si sana, labda theluthi ya stopu. Hili watu hulikataa mpaka walione. Namba ya f ni hesabu ya umbo: urefu kwa upana. Haijui kioo kinameza mwanga kiasi gani njiani. Lenzi ya kuvuta ina vioo vingi ndani, na kila uso wa kioo unarudisha mwanga kidogo. Watu wa sinema hawana mzaha na jambo hili. Lenzi zao huandikwa namba ya T, inayopima mwanga uliopita kweli, ili wakibadilisha lenzi katikati ya tukio uso wa mwigizaji usibadilike. Sisi wa mahafali tunaishi na f na kusawazisha baadaye kwenye kompyuta.

Halafu kuna mambo ya kuokota barabarani. Lenzi ya mwenzangu ilikuwa na kile kioo cha kukinga mbele, kimekwaruzika na kina mafuta ya vidole vya watu watatu. Tulipokitoa, picha ikapata uhai. Filta ya kupunguza mng'ao, ile ya kuzungusha, yenyewe hula stopu moja hadi mbili. Ukimwuliza mtu setingi zake na yeye kaiacha filta hiyo mbele, namba zake kwako ni sumu, zitaunguza picha.

Jumapili, baada ya sendofu (nitairudia), tukapanda Mbaga kwa bibi.

Msiofika huko, nieleze kidogo. Same mjini iko upande mkavu: mikonge, vumbi, mbingu nyeupe saa sita. Milima ya Pare ya Kusini inasimama kama ukuta, na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unamwaga mvua yake upande wa mashariki na juu. Kwa bibi kuna migomba, kuna baridi ya kuvaa sweta, na barazani unatazama chini tambarare ya Mkomazi mpaka macho yanakosa pa kushika. Alasiri baraza liko kivulini wakati tambarare yote inawaka jua. Pazuri pa kunywea chai, na pabaya mno kwa kipimo cha mwanga cha kamera.

Bibi akakaa kwenye kiti chake, kitenge kipya, kilemba cheupe. Nikamtazama kwanza kwa 18–55 ikiwa kwenye 18. Ndani ya fremu kulikuwa na bibi, nguzo, na mbingu nyingi. Kipimo kikadai nipunguze mwanga, tena sana. Nikabadilisha, nikaweka 70–300 na kusogea nyuma hadi uso wa bibi ujaze fremu. Kipimo kilekile sasa kikadai niongeze. Katikati ya madai hayo mawili kulikuwa na tofauti ya stopu zaidi ya tatu, na bibi hakuwa amesogea. Jua halikuwa limesogea. Kilichobadilika ni kile ambacho lenzi imekiruhusu kipimo kukiona.

Kipimo cha kamera kina ugonjwa mmoja: kinataka kila kinachokiona kiwe kijivu cha kati. Ukikionyesha mbingu nyeupe kinaizima iwe kijivu, na bibi anazimika pamoja nayo. Nadhani ndivyo uso wa babu ulivyopotea kwenye ile picha ya harusi: watu ishirini, lenzi pana, mbingu nusu ya fremu, kofia juu. Ukikionyesha uso mweusi peke yake kinataka kuupandisha uwe kijivu, na hapo bibi anatoka kapauka kama kapakwa majivu. Ngozi zetu ziko kati ya makosa haya mawili, na ndiyo maana albamu nyingi za familia zina nguo zilizopigwa vizuri na wenye nguo wasiojulikana. Bibi mwenyewe ana picha ya ubatizo wa mama yangu. Aliishika akacheka, "Hapa walipiga gauni, mimi nilisindikiza tu."

Hapa ndipo herufi M inapolipa. Mwanga ulioko juu ya uso ndio unaotafutwa, na huo haujali umefunga lenzi gani. Nikapima kwa lenzi ndefu, uso umejaa, nikapunguza stopu moja chini ya kile kipimo kilichotaka, kwa sababu ngozi ya bibi ni nyeusi na nataka ibaki nyeusi. Nikapiga moja, nikakuza kwenye kioo cha nyuma: mikunjo ya kando ya macho ipo, kilemba bado kina nyuzi, hakijaungua. Namba zikawa f/5.6, 1/500, ISO 800. Nikazikariri. Kisha nikafunga 50 yangu na kuhamisha mwanga uleule: f/4 ni stopu moja juu, 1/250 ni stopu nyingine, kwa hiyo ISO ikashuka stopu mbili hadi 200. Kipimo kilipiga kelele muda wote kwamba picha inaungua, kwa sababu 50 ilikuwa inaona kipande cha tambarare nyuma ya bega lake. Nikakiacha kilie. Tambarare ikatoka nyeupe kidogo, bibi akatoka bibi.

Mwenzangu aliuliza kwa nini nisipige ya mwisho kwa ile ndefu, mbona uso ulishajaa. Kwa sababu ya mkono. Lenzi ndefu inakuza pia mtikisiko. Desturi ya wapiga picha ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko urefu wa lenzi, na kwa kamera zetu za kihisio kidogo unazidisha kwa 1.5. Kwenye 300 hiyo ni kama 1/450, tuseme 1/500. Kwenye 50 ni 1/75 hivi, kwa hiyo 1/250 ilikuwa na ziada ya kutosha kwa bibi ambaye haachi kuongea. Shata ya haraka ina gharama, na gharama hiyo inalipwa na ISO, na ISO inalipwa kwa chengachenga kwenye ngozi.

Gharama hiyo niliiona vizuri kesho yake kwenye msitu wa Chome, njia ya kuelekea kilele cha Shengena. Kule ukungu unaingia hadi kati ya miti, na saa nne asubuhi ni kama magharibi. Kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho anayepatikana milima hii ya Pare ya Kusini tu, na mwenzangu alishaapa hatarudi bila yeye. Lenzi ya binamu kwenye 300, f/5.6 kwa kuwa haifunguki zaidi ya hapo, shata 1/500: ISO ikafika 6400. Mimi pembeni yake nilikuwa nachukua mizizi na ukungu kwa ile 18–55 kwenye 18, nimeegemea mti, f/3.5, shata 1/30. ISO yangu ilikuwa 160. Msitu mmoja, dakika moja, mwanga mmoja. Mtu angetuuliza setingi zetu, angesema mmoja wetu ni mwongo. (Ndege alipatikana. Ni kama punje ya mahindi kwenye makande, lakini yumo.)

Nirudi kwenye sendofu. Ukumbi ulikuwa na zile taa za rangi zinazobadilika kila MC anapopiga kelele, na katikati giza la kutosha. Tulishajua kutokana na majaribio kwamba tusigawane kazi kwa watu, wewe ndugu wa mke na mimi wa mume. Tukagawana kwa lenzi. Yangu, f/2, shata 1/100, ISO 1600, bila flashi, karibu na meza, nyuso, machozi, mama anapokabidhi. Shata 1/100 haikuchaguliwa kwa bahati: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi zinapepesa mara 100, na ukienda haraka zaidi unaanza kuona michirizi. Yeye kwa 55 angehitaji f/5.6, yaani stopu tatu chini yangu, maana yake ISO 12800, na kwa kamera zetu huo ni mchanga mtupu. Kwa hiyo yeye akachukua flashi, akaielekeza kwenye dari. Dari lilikuwa jeupe, Mungu ni mwema. f/5.6 bila kuigusa, ISO 800, picha za makundi, keki, msururu wa zawadi. Mwanga wa flashi haujali shata sana. Unajali tundu na ISO, na ndiyo sababu tundu lake halikutakiwa kujihamisha hata mara moja anapovuta. Angeanza na f/3.5, kila kundi lingekuwa na mwanga wake.

Mteja alimaliza kulipa Jumatano. Mwenzangu, bado na msitu kichwani, akataka kuongezea na boom anunue lenzi ndefu kama ya binamu. Nikamwomba afungue folda zake za mwaka mzima tuhesabu ni picha ngapi za kulipwa alipiga mchana, mbali, na ni ngapi alipiga usiku ndani ya ukumbi. Hatukumaliza kuhesabu. Kati ya f/5.6 na f/1.8 kuna mwanga karibu mara kumi, na mara kumi hiyo ndiyo inayokula ukumbini. Kwa maoni yangu, mwanafunzi mwenye hela ya lenzi moja anunue 50 ya f/1.8 iliyotumika, na ndege wa Chome awaachie wenye binamu.

Akanunua. Ukienda na wewe, usilipe kabla ya haya. Pitisha tochi ya simu nyuma ya kioo uangalie kama kuna nyuzinyuzi za kuvu, maana lenzi iliyokaa kwenye unyevu huota. Kisha tafuta ukuta wenye mwanga sawasawa, piga f/1.8 kwa shata 1/1000, halafu f/5.6 kwa 1/100, ISO usiiguse. Katikati ya picha hizo mbili mwanga unapaswa kukaribiana sana. Pembeni ile ya kwanza itakuwa na giza kidogo. Hiyo ni tabia ya lenzi ikifunguliwa yote, msigombane. Lakini ile ya f/5.6 ikitoka nyeupe kupita kiasi, vile vipande vinavyofunga tundu vimeshikana na mafuta na havifungi inavyotakiwa. Muuzaji akinuna kwa sababu unampigia ukuta wake, rudisha lenzi, sogea duka la jirani.